Kipozeo cha prosesa na RAM ndefu: kipi kitakaa, kipi kitagonga

Ukinunua RAM ya taa kwa sababu kasha lako lina mlango wa kioo, kwa kiasi kikubwa umeshajichagulia na kipozeo. Vipozeo vikubwa vya minara miwili, yaani mafungu mawili ya mapezi (mabati membamba ya kutolea joto) yaliyosimama, hutundika feni ya mbele juu ya sloti za RAM, na kijiti kirefu cha RAM hukutana na ukingo wa feni kabla klipu za feni hazijashika. Mwenye haraka husukuma. Kusukuma huko ndiko kunakovunja vitu.

Mombasa jambo hili huumiza zaidi, maana mizigo mingi ya aina hii huagizwa Nairobi na kushuka na basi usiku. Ukigundua asubuhi kwamba feni haikai, kurudisha Luthuli, mtaa wa maduka hayo Nairobi, ni nauli nyingine na siku kadhaa bila mashine. Rula ya shule inatosha kukuepusha na hayo.

Vimo vya RAM

Kijiti kitupu, kama kile kilichomo kwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba, OptiPlex au EliteDesk, kina kimo cha milimita 31.25. Corsair Vengeance LPX na Kingston Fury Beast isiyo na taa ni kama 34. Fury Beast ya taa (ya kizazi cha DDR4) hupita 41 kidogo. G.Skill Ripjaws V ni 42, Trident Z RGB ni 44, na Corsair Vengeance RGB Pro inafika 51. Kama unacho kijiti mkononi, pima kuanzia ukingo wa meno ya dhahabu hadi juu kabisa ya mkanda wa taa. Kimo hicho kizima ndicho unacholinganisha na nafasi ya RAM inayotajwa na mtengenezaji wa kipozeo.

Kimo hakiongezi kasi. RAM ya 3600 yenye milimita 34 na ile ya 3600 yenye milimita 51, zikiwa na chipu na taimingi (muda wa kujibu) zilezile, hufanya kazi sawa. DDR4 ya volti 1.35 hutoa joto la wati chache tu, na bati fupi linalitosha. Kilichobaki kule juu ni taa. Anayependa taa apende, lakini ajue analipia nini.

Kuna na suala la sloti. Kwenye bodi ya sloti nne, vijiti viwili huingia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, yaani A2 na B2. Sloti ya kwanza hubaki wazi, na hiyo ni nafuu kwa mwenye kipozeo kinene kidogo. Ukijaza zote nne, au bodi yako ikiwa na sloti mbili tu, kijiti cha kwanza husogea karibu zaidi na kipozeo, kwa hiyo usitegemee picha ya mashine ya mtu mwingine yenye vijiti viwili.

Joto la pwani linavyobadilisha hesabu

Kipozeo hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Majaribio mengi ya mitandaoni hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 22. Kaskazi ikivuma, mwezi wa pili au wa tatu, chumba cha Tudor au Kongowea kisicho na AC hufika nyuzi 32 alasiri. Ongeza kumi kwenye kila namba unayosoma: prosesa iliyopimwa 78 kule, hapa itacheza kwenye 88.

Kwa hiyo mtu wa Mombasa ana haki ya kutamani kipozeo kikubwa. Shida ni kwamba kikubwa ndicho kinachofunika RAM. Kabla ya kukikimbilia, tazama prosesa yako inakula umeme kiasi gani hasa. Ryzen 5 5600 hufika wati 76 ikikazwa. Core i5-12400 hufika 117. Hizi mnara mmoja wa feni ya milimita 120 unazimudu hata wakati wa kaskazi. Core i7-13700K ambayo huruhusiwa kufika wati 253, au Ryzen 9 7950X yenye 230, hapo ndipo hoja ya minara miwili inapoanza kuwa na maana.

Vipozeo vyenyewe

| Kipozeo | Kimo (mm) | RAM chini ya feni ya mbele | RAM ndefu ikiwepo |
|---|---|---|---|
| Thermalright Assassin X 120 SE (mnara mmoja) | 148 | feni huishia kabla ya sloti kwenye bodi nyingi | hakuna la kufanya |
| DeepCool AK400 (mnara mmoja) | 155 | vivyo hivyo | angalia sloti ya kwanza tu |
| Noctua NH-U12S (mnara mmoja) | 158 | haifuniki sloti | hakuna la kufanya |
| Thermalright Peerless Assassin 120 SE (minara miwili) | 155 | feni hufunika sloti za karibu | pandisha feni |
| DeepCool AK620 (minara miwili) | 160 | 43 | pandisha feni |
| Noctua NH-D15S (minara miwili, feni moja katikati) | 160 | hakuna feni mbele. Nafasi ni 65 | hakuna la kufanya |
| Noctua NH-D15 (minara miwili, feni mbili) | 165 | 32 | pandisha feni au iondoe |

Chukua NH-D15 uone hesabu inavyokwenda. Nafasi chini ya feni yake ya mbele ni 32. Una Trident Z RGB ya 44. Tofauti ni 12, kwa hiyo feni lazima ipande milimita 12, na kimo cha kipozeo kinatoka 165 hadi 177. Kasha la Corsair 4000D linapokea hadi 170, na NZXT H510 hadi 165. Mlango haufungi kwenye lolote kati ya hayo mawili. Hata Vengeance LPX ya 34 inainua feni milimita 2, na 167 tayari imeishinda H510. Kipozeo kinachosifiwa kila mahali, na RAM fupi namna hiyo, bado hakiingii.

AK620 ni mpole zaidi. Nafasi yake ya 43 inapokea Ripjaws V bila kugusa chochote. Ukiweka Trident Z ya 44 unapandisha feni milimita moja, jambo ambalo hata halionekani. Ukiweka Vengeance RGB Pro ya 51 unapandisha 8, kimo kinakuwa 168, na 4000D bado inafunga ikiwa na milimita 2 za kuponea. H510 haifungi.

Peerless Assassin 120 SE ndiyo inayonunuliwa sana na wenye mfuko mdogo, na kwa haki. Mirija sita ya shaba, feni mbili, na kimo cha 155 tu. Ufupi huo ndio faida yake kubwa kwa mwenye RAM ndefu: ndani ya kasha la 170 una milimita 15 za kupandisha feni, na ndani ya lile la 165 una 10. Kati ya minara miwili, hii ndiyo inayokusamehe zaidi ukikosea RAM.

NH-D15S ndiyo jibu safi kwa aliye na pesa na prosesa kali. Feni yake ni moja tu, katikati, na mapezi yake yamekatwa kwa chini, kwa hiyo RAM ya 51 inakaa chini ya mapezi bila ugomvi. Unapoteza nyuzi chache ukilinganisha na D15 ya feni mbili. Mwenye D15 tayari anaweza kufika karibu na hapo kwa kuivua feni ya mbele na kubaki na ya katikati, kwa kuwa mapezi ya mbele yamekatwa kwa chini na nafasi yanayoacha ni 64.

Kwa nini mnara mmoja unapendelewa hapa

Sababu moja haimo kwenye majedwali ya wazungu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vumbi likichanganyika nayo hujenga utando kwenye meno ya RAM. Mashine inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Fundi yeyote wa mjini ataanza na jambo moja: atatoa vijiti, atasugua meno kwa kifutio cha penseli, atapangusa makombo kwa brashi kavu, atarudisha. Mara nyingi mashine inaamka.

Kwa mnara mmoja kazi hiyo ni ya dakika tatu. Kwa minara miwili yenye feni juu ya sloti, lazima kwanza uvue klipu ya waya, utoe feni, ufanye kazi, urudishe feni na kuipima tena isikandamize kijiti. Mara moja kwa mwaka si neno. Ukiishi Nyali mita chache kutoka ufukweni na madirisha wazi, utaifanya zaidi ya hapo.

Chumvi hiyohiyo hula alumini tupu na kuacha unga mweupe kwenye kingo za mapezi. Yaliyopakwa nikeli, kama ya Noctua, au yaliyopigwa rangi nyeusi, hustahimili zaidi.

Kupima kabla ya kulipa

Zima, chomoa waya wa ukutani, laza kasha ili bodi iwe chini na uwazi wa mlango uwe juu. Weka kitu kilichonyooka, hata mwiko wa chapati, kikatize uwazi pale kioo kinapokaa. Shusha rula kutoka ukingo wa chini wa mwiko hadi kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa. Kama prosesa imefunikwa na kipozeo cha zamani na hutaki kukigusa, shusha hadi kwenye bodi pembeni yake kisha utoe milimita 7 au 8. Namba hiyo ndiyo dari yako. Ipunguze 2 kwa ajili ya usalama, kwa kuwa kioo hubonyea kidogo ukikaza skrubu zake.

Kisha: kimo cha RAM, toa nafasi inayotajwa na mtengenezaji, jumlisha na kimo cha kipozeo. Jibu likizidi dari, achana nacho. Kama RAM ni fupi kuliko nafasi, usitoe chochote. Kimo cha kipozeo kinabaki kilivyo.

Uliza pia vyuma vya kufungia. Soketi ya Intel ya LGA1700 ina matundu ya 78 kwa 78, ilhali LGA1200 na ndugu zake wa zamani ni 75 kwa 75, kwa hiyo kipozeo cha mtumba kilichokosa vyuma vyake vipya hakitakaa. Kile cha soketi ya AMD ya AM4 kinachotumia bamba la nyuma la bodi yenyewe kwa kawaida huingia AM5 moja kwa moja. Na kama mashine yako ni ile ya ofisi iliyotoka Uingereza, ya kiwiliwili chembamba, sahau minara yote. RAM yake ni tupu na fupi, na matundu ya kufungia mara nyingi ni ya kampuni yenyewe.

Kufunga feni juu ya vijiti

Weka RAM kwanza. Ni kosa la kawaida kufunga kipozeo, kukaza, kufurahi, kisha kukumbuka vijiti vimo mezani. Funga mnara bila feni. Kaza skrubu mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, hadi zigote.

Feni ya katikati ndiyo ya kwanza. Halafu, kabla ya ile ya mbele, chukua kadi mbili za benki, zibandanishe na uzilaze juu ya kijiti kilicho karibu. Hizo ni kama milimita moja na nusu. Kalisha ukingo wa feni juu ya kadi, ishikilie kwa kidole gumba, vuta waya wa klipu upande mmoja hadi unase kwenye mapezi, kisha wa pili. Sasa vuta kadi. Zikiteleza zenyewe, umemaliza. Zikinata, feni inakandamiza. Ilegeze na uipandishe.

Usiipandishe kupita kiasi pia. Feni ya 120 iliyopanda milimita 20 inapuliza sehemu moja ya sita ya uso wake juu ya mapezi, hewani bure. Ikifika huko, ni afadhali uihamishie nyuma ya mnara wa pili ivute badala ya kusukuma, mradi feni ya kasha ya kutolea hewa na vyuma vya kupozea karibu na soketi vinaiachia nafasi. Hakikisha mshale wa upepo bado unaelekea nyuma ya kasha. Feni mbili zinazogombana huonekana kama kipozeo kibovu.

Yanayoharibika

Feni ikikandamiza kijiti, kijiti huinama kidogo ndani ya sloti na meno ya upande mmoja hushika nusunusu. Mashine inaweza kuwaka vizuri asubuhi na kuganda mchana. Wengi hulaumu XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) na kuizima. Pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mmoja na feni ya mbele ikiwa imetolewa. Makosa yakipotea, mwizi umemshika.

RAM ya GB 32 inasoma 16 baada ya kubadilisha kipozeo? Kabla ya kwenda dukani na kijiti mkononi, legeza skrubu za kipozeo zote na uzikaze upya kwa zamu. Mkazo usio sawa juu ya soketi ya Intel unaweza kupoteza chaneli nzima ya RAM. Isiporudi, ng'oa kipozeo utazame pini kwa tochi.

Kwenye AM4 hatari ni nyingine: pesti ya kupitisha joto iliyokauka hugandisha prosesa kwenye kipozeo, na ukivuta wima inang'oka na pini zake. Washa mashine dakika kumi ipate moto, izime, kisha zungusha kipozeo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa za skrini nyeusi ikijifunza RAM yake. Usianze kufungua chochote. Kunywa kahawa.

Na tafadhali, usibandue bati la RAM kwa kisu ili kijiti kiwe kifupi. Gundi hushika chipu kuliko lehemu inavyozishika.

Vya maji na vile vifupi

Kipozeo cha maji huondoa ugomvi juu ya prosesa, kisha huuhamishia darini. Rejeta ya kawaida ya milimita 27 pamoja na feni ya 25 ni 52. Ile ya Arctic Liquid Freezer III ni 38, na ikijumlishwa na feni inakuwa 63. Ukiifunga juu ya kasha, ukingo wake unashuka usawa wa ncha za RAM ya 51, na kwenye kasha jembamba zinagongana. Ukiifunga mbele, RAM inapona lakini kadi ya picha inapoteza nafasi na kupokea hewa ya moto. Hewa inayopita kwenye rejeta ni ileile ya nyuzi 32, na pampu ni kitu cha ziada cha kufa. Kwa wati 253 ina hoja. Kwa i5 ni mapambo.

Vile vifupi kama NH-L9i cha milimita 37 havigusi RAM ya aina yoyote, ila ni vya prosesa baridi kwenye kasha dogo. Wraith Stealth iliyokuja ndani ya boksi la Ryzen nayo haigongi kitu, na wakati wa kusi inatosha. Wakati wa kaskazi utaisikia.

Ungechukua nini

RAM bado hujanunua: chukua ya 34, kisha chagua kipozeo chochote kinachoingia kwenye kasha. Kubadilisha RAM kabla ya kulipa hakugharimu kitu.

RAM ya 44 au 51 unayo, prosesa ni ya wati 65 kwenye boksi: mnara mmoja. AK400 kwa bei, NH-U12S kwa kimya na nikeli.

RAM ndefu unayo, prosesa ni kali, kasha ni la 170: Peerless Assassin ukibana matumizi, D15S usipobana. AK620 inafaa RAM ikiwa 44 kushuka chini. D15 ya feni mbili iache kwa mwenye kasha la 180 na RAM fupi.

Na kama mashine itasafiri, tuseme unajengewa mjini nawe unakaa Likoni, uzito uwe kwenye hesabu. D15 ni kilo 1.3 inayoning'inia kwenye bodi iliyosimama. Kwenye tuktuk na matuta ya barabara, laza kasha kiubavu, kioo kikiangalia juu, kipozeo kisimame wima juu ya bodi, na utandike taulo chini. Kwenye feri usikubali liwekwe wima miguuni ili kuokoa nafasi. Ukifika, fungua mlango kabla ya kuwasha na upitishe tena zile kadi mbili kati ya feni na kijiti: klipu huteleza njiani.